Kumsindikiza Kipa

Vijana wa siku hizi wananichekesha, na wakati mwingine wananikera. Wanakaa kwenye kibanda cha kahawa karibu na msikiti wetu, kila mmoja na simu yake, wanagombana juu ya mchezaji wa Ulaya aliyehamia timu inayolipa zaidi. "Msaliti!" anapiga kelele mmoja. "Sha, ungekuwa wewe usingeenda?" anajibu mwenzake. Jezi ya yule mchezaji wameivaa mpaka imepauka, sasa wanataka kuichoma moto. Siku moja wakanigeukia mimi: muzee, we ulicheza mupira, tuambie, mutu akihama juu ya pesa ni musaliti ao apana? Nikawaambia waniache ninywe kahawa yangu. Ukweli ni kwamba jibu ninalo, lakini ni refu, na kwenye kelele zile lisingesikika.

Nilikuwa beki wa kati wa timu ya mtaa wetu, Buyenzi, hapa Bujumbura, miaka ya vita. Sitaitaja timu kwa jina. Waliokuwepo wanaijua, na wasiokuwepo jina halitawasaidia kitu. Tulikuwa mafundi wa magari, wauza mitumba, washonaji, na mwalimu mmoja. Mshahara hapakuwa. Rais wa timu alikuwa muzee muuza nyama, na tukishinda alitupikia pilau uani kwake, pilau yenye nyama ya kweli. Hayo ndiyo yalikuwa malipo, na walahi tuliikimbilia pilau ile.

Wakati ule kila mtaa wa Bujumbura ulikuwa na wenyewe. Vijana walikaa kwenye bariyeri zao za mawe na magogo, wanatazama pua yako, wanatazama urefu wako, wanaamua wewe ni wa nani. Wengine walipita, wengine hawakupita, na asiyepita mara nyingi hakuonekana tena. Mimi nilikuwa na bahati ya uso. Babu wa baba yangu alitoka Omani, bibi yangu alikuwa Mmanyema, na mchanganyiko ule ulitoa sura ambayo hakuna kijana wa bariyeri aliyeweza kuipa upande. Wakiniona na kofia yangu walisema, "Muache apite, huyo ni Muswahili tu." Nisidanganye, Buyenzi nasi tulizika watu wetu. Lakini barabarani Muswahili alikuwa na nafuu.

Ndiyo maana timu yetu ilikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine. Wachezaji walitoka mitaa yote, pande zote, na kocha alikataa katakata kupunguza hata mmoja. Basi kila anayeweza kupita alikabidhiwa mmoja asiyeweza. Tuliita jozi. Kabla ya mazoezi unakwenda kumchukua jozi wako nyumbani kwake, na mazoezi yakiisha unamrudisha mpaka mlangoni. Kisha wewe mwenyewe unakimbia kurudi kabla ya kuvrefe, ile amri ya kutotembea usiku. Kusindikiza mgeni ni adabu yetu hata wakati wa amani. Tofauti ni kwamba wakati wa amani unaweza kumsindikiza mtu nusu ya njia ukarudi. Sisi hatukuruhusiwa nusu.

Jozi wangu alikuwa kipa. Alikaa kule juu, pembeni ya Gihosha, kwenye nyumba ndogo ya matofali aliyoachiwa na baba yake. Alikuwa mrefu, mwenye viganja vipana, Mkatoliki wa ubatizo, na tangu nizaliwe sijaona mtu anayedharau saa kama yule. Nikifika kwake namkuta bado anaoga. "Dakika moja, ndugu yangu!" anapaza sauti kutoka bafuni, na mimi nasimama uani, mama yake ananiletea chai, chai inakwisha, naletewa nyingine. Nilimtukana kila siku, na kila siku alicheka. Akitoka namvisha kofia yangu ya pili, ile nyeupe aliyoidarizi mama yangu, tunashuka mlima Waswahili wawili wanaokwenda kusali. Jioni mlangoni kwake anaivua, anaikunja, ananirudishia. Njiani nilimfundisha Fatiha, asije akaulizwa akakosa jibu. Aliisoma kwa sauti ya padri anayeimba misa, na nilicheka mpaka nikakaa kando ya barabara.

Kaka yangu alipokufa, na sitasema alikufa vipi kwa sababu naandika habari za mpira, timu nzima ilikuja kuchimba kaburi. Siku ile sikuweza kwenda kumchukua kipa. Nani angekuwa na akili hiyo? Alikuja mwenyewe, peke yake, kichwa wazi, maana kofia ilikuwa kwangu. Mpaka leo hajaniambia alipitaje. Nilimwona tu anaingia makaburini na koleo begani, akashuka ndani ya shimo akaanza kutoa udongo.

Kisha vikaja vikwazo. Nchi jirani zilifunga mipaka, petroli ikapotea mjini, mabasi yakalala, na watu wachache wakatajirika kwa mabido ya petroli, yale madumu yaliyopita mpakani Gatumba kutoka Kongo. Mmoja wa matajiri hao alinunua timu nyingine ya mjini. Alinunua hasa, vile mtu anavyonunua duka na kila kilichomo: uwanja wa mazoezi kule Rohero, jezi mpya, viatu vya ngozi, na mshahara wa kila mwezi kwa kila mchezaji. Hivyo ndivyo mpira wa mshahara ulivyoingia kwetu, katikati ya vita, watu wakila mara moja kwa siku. Vijana wanadhani mambo haya yalianza na televisheni.

Tajiri yule alikuja kwenye gereji ya baba. Baba alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana. Bila kukaribishwa akakaa kwenye kiti cha baba, kile kiti cha gari kuukuu ambacho hata mama hakukikalia, akakunja mguu. Damu ikaanza kunichemka hapo hapo.

"Mwanangu," akasema, "mi nataka ukuta. We mbele, kipa yenu nyuma. Nitawakamata wote wawili. Mushahara kila mwezi, na pikipiki juu yake."

"Asante, muzee. Mi niko na timu."

"Timu gani? Timu inalipa pilau?"

"Ile pilau njo tamu."

Chini ya lori nikamsikia baba anacheka. Tajiri hakucheka. Akasimama, akapangusa suruali yake iliyoshika grisi, akaniambia nibaki na pilau yangu, kipa atamfuata mwenyewe. Nikamwambia kipa hawezi kufanya hivyo. Nilimwambia kwa sauti kubwa, majirani wote wakasikia, na jioni ile Buyenzi nzima ilijua kwamba mtoto wa makanika amekataa pesa. Muzee muuza nyama alinishika kichwa kwa mikono miwili akaniombea dua. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Nilitembea kifua mbele.

Kipa alisaini wiki hiyo hiyo. Aliniambia tukiwa tunavuka daraja la Ntahangwa, narudi naye kwake, na alichagua daraja makusudi kwa sababu pale kelele za maji ni nyingi na watu hawasikii.

"Nimesaini, ndugu yangu."

"Umesaini nini?"

"Unajua nini."

Nilikuwa nahesabu pumzi, vile baba alivyonifundisha nifanye hasira ikija. Hazikusaidia.

"Pesa!" nikamwambia. "Umeuza timu juu ya pesa ya petroli! Muzee atasema nini?"

"Muzee atasema anachosema," akajibu, na yeye hakupandisha sauti, jambo lililonikasirisha zaidi. "We unalala kwa baba yako. Mi, watu wa mama yangu wamekimbia vilima, wako wamelala jikoni, wako wamelala kwa ukumbi, watoto wanalia njaa asubuhi. Pilau ya ushindi mi nakulaka peke yangu, apana? Wao wanakula nini?"

Kweli, nilikuwa nimewaona. Wale watoto ndio walionitazama kila asubuhi nikinywa chai ya mama yake, na kumbe chai ile ilikuwa yao. Lakini hasira haisikilizi hesabu ya namna hiyo. Tulipofika mlangoni kwake, akavua kofia, akaikunja, akanipa. Niliipokea bila kumpa mkono.

"Basi tajiri yako akutafutie mutu wa kukutembeza," nikasema.

Nikashuka mlima nikiongea peke yangu kama mwehu. Nilimtukana yeye, nikamtukana tajiri, nikaitukana petroli. Nilikuwa naumia, basi. Kipa na beki wa kati ni kama watu waliozaliwa nyumba moja. Nilikuwa naijua pumzi yake nyuma yangu kwenye kona.

Tajiri alimpeleka dereva na gari. Dereva yule alirudi kutoka bariyeri ya kwanza na kioo kimevunjwa, akasema hata akilipwa mara mbili harudi kule. Tajiri akatoa jibu la matajiri: kipa ana mshahara, ajitafutie njia. Basi kipa akabaki nyumbani. Habari ilifika Buyenzi na watu wakacheka sana. Hata mimi nilicheka. Nilikaa gerejini, nikasugua vyuma, nikajiambia kwamba hiyo ndiyo faida ya pesa.

Asubuhi moja mama aliingia chumbani kwangu na ile kofia nyeupe mkononi, imefuliwa, imepigwa pasi.

"Nimeifua kofia ya kipa," akasema.

"Si yake, mama, ni yangu. Na yule si kipa wetu."

"Kipa wa nani mimi sijui. Mimi najua aliyemchimbia mwanangu kaburi." Akaiweka juu ya goti langu. "Inuka. Jua linapanda."

Nilivaa viatu nikapanda mlima. Nilimkuta kipa ameketi kizingitini, amevaa tayari, siku moja hiyo tu maishani mwake. Aliponiona akafunika uso kwa viganja vyake vile vipana. Nikamwambia aache upuuzi, mi bado nimekasirika, na Rohero ni mbali. Akacheka huku machozi yanamtoka. Tukashuka.

Tangu siku hiyo nilimpeleka mpaka uwanja wa Rohero, namwacha getini, nakimbia kwenda Buyenzi kwenye mazoezi yangu, nafika nimechelewa na jasho. Jioni nakimbia tena Rohero, namchukua, nampandisha mlima. Miguu yangu ilikuwa ya chuma wakati ule. Sikuingia getini hata mara moja, na tajiri aliponipungia mkono kutoka garini niligeuza uso. Lakini watu wana macho. "Wamemuona Rohero." "Tena?" "Kila siku, sha. Na kipa yule." Kahawani nilipokaa, maneno yalikatika. Mtu aliyekataa pesa mbele ya mtaa mzima, sasa walikuwa wanasema amezipokea kwa mlango wa nyuma. Aibu hiyo! Nilitaka kumpiga mtu, lakini nani? Walisema wote, na hakuna aliyesema mbele yangu.

Mechi ya mwisho ya ligi ikawa sisi na wao. Wao sare iliwatosha kuchukua kombe. Sisi tulihitaji ushindi.

Siku moja kabla ya mechi muzee aliniita uani kwake. Kocha alikuwepo, amekaa kwenye kigoda, anatazama chini. Muzee alinimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nikajua kuna jambo.

"Mwanangu," akasema, "kesho usipande mlima."

"Muzee?"

"Lala. Tumbo likuume. Hakuna mutu atamugusa kipa, hakuna mutu atamutukana. Abaki tu kwake. Kipa wao wa pili ni mutu wa kushika kuku, apana mupira."

Nilimtazama kocha. Hakuinua kichwa.

Niseme wazi jinsi ilivyokuwa, kwa sababu hapo ndipo jambo lote lilipo. Muzee yule aliwaficha watu uani pale pale tulipokaa, wa pande zote, wakati kumficha mtu kulikuwa kujichimbia kaburi. Nilimpenda kuliko wajomba zangu. Alichoniomba hakikuwa na gharama yoyote: nilale tu. Timu ingeshinda, jina langu lingesafika mtaani, na kipa angebaki salama nyumbani akinywa chai. Nikajaribu kukubali. Kweli nilijaribu, neno lilifika mpaka mdomoni. Lakini nikamwona kwenye kizingiti kile, amevaa, anatazama njia.

"Muzee," nikasema, "nimekataa pesa juu ya timu hii. Unajua. Nitacheza kesho mpaka nivunjike mguu. Lakini kumuacha, apana. Nitamuleta, kisha washambuliaji wetu wamufunge, kama wanaweza."

"Nilifikiri unaipenda timu."

Neno lile liliniingia mpaka kwenye mfupa. 

"Ninaipenda. Jozi nimejifunza hapa. We njo ulitupatia."

Muzee akachukua kikombe changu, kahawa ikiwa bado ndani, akaimwaga chini.

"Ukimuleta," akasema, "jezi hautavaa."

"Sawa, muzee."

Nikaondoka. Sikulia pale. Nililia gerejini, nyuma ya lori, na baba akajifanya anatafuta spana.

Asubuhi ya mechi nilifika Gihosha mapema. Alikuwa anaoga. Siku ya fainali ya maisha yangu, mshenzi yule anaoga! Nilipiga mlango wa bafu kwa ngumi mpaka mama yake akaja mbio. Sikumwambia habari ya muzee. Angekataa kutoka, namjua.

Kwenye bariyeri palikuwa na kijana mgeni, macho mekundu, hatujawahi kumwona. Alinitazama mimi, akaniacha. Akamtazama kipa kutoka juu mpaka chini, na pale juu alikawia.

"Na huyu, naye ni Muswahili? Urefu huu?"

"Mama yake ni Muswahili wa Uvira," nikasema.

"We mwenye mdomo, nyamaza. We mrefu, soma. Soma vile munasomaka kwa musikiti."

Kipa akaanza Fatiha. Akasoma vizuri, sauti ya padri lakini vizuri, mpaka katikati, pale panapoombwa kuongozwa njia iliyonyooka. Hapo akakwama. Kijana akainuka kutoka kwenye gogo. Wenzake wakageuka.

"Amin!" nikapiga kelele. Nikapitisha viganja usoni kwa heshima zote, kama sura imekwisha. Kipa akadaka, na kudaka ndiyo kazi yake: naye akapitisha viganja usoni. "Amin," akasema. Kisha nikamgeukia kijana kwa hasira ya kweli, maana hasira nilikuwa nayo tele tangu jana. "Umetuchelewesha swala! Unafanya mutu anasoma Kurani barabarani kwa vumbi, hauna mama? Tupishe!" Mmoja wa wale wenzake, aliyenijua, akasema waache hao, huyo ni mtoto wa makanika. Tukapita. Tulipovuka daraja kipa akatapika kwenye ukingo.

Tuliingia uwanjani pamoja, mbele ya macho ya Buyenzi nzima. Zile filimbi za kutuzomea nazisikia mpaka leo. Yeye akageuka kwenda upande wao, mimi nikaenda upande wetu. Jezi yangu alikuwa ameivaa yule mwalimu, imembana kifuani. Hakunitazama. Nilikaa kwenye nyasi nyuma ya mstari, viatu vyangu ndani ya mfuko wa plastiki, na hakuna aliyekaa karibu nami.

Tulicheza vizuri, jamani. Nasema "tulicheza" kwa sababu nilicheza kila mpira kutoka pale chini. Niliomba tufunge. Niliomba kwa Fatiha nzima, bila kukwama. Dakika za mwisho mshambuliaji wetu alipiga kichwa safi kabisa, mpira unaingia kwenye kona ya juu, na mimi nikawa nimeshasimama nimeinua mikono. Kile kiganja kipana kikautoa. Sare. Kombe likaenda Rohero.

Muzee alinipita bila kusimama. Kisha akarudi.

"Umetuuza," akasema.

"Kama ningekuwa ninauzwa, muzee, leo ningekuwa na jezi ya upande ule, na medali."

Ghafla nikaona jinsi alivyozeeka, na nilimhurumia, na bado nilikuwa na hasira naye. Vyote viwili.

Nje ya geti watu wetu walikuwa wamejaa. Wenzake kipa walikuwa wameshapanda magari ya tajiri kwenda kusherehekea, yeye amebaki amesimama kwenye ukuta na mfuko wake, anatazama huku na huku. Alikuwa amekwisha kusikia habari ya jezi yangu, mtu amemwambia. Watu walipiga kelele: "Aende peke yake! Tajiri amubebe!" Nikatoa kofia mfukoni. Nikapita katikati yao, nikamvisha kichwani mbele yao wote, nikaikaza.

"Anayetaka kunipiga anipige sasa hivi," nikawaambia, "kwa sababu kuvrefe iko inakaribia na nyumba yake ni mbali."

Walitusukuma. Mmoja alinitemea mate begani, jirani yangu kabisa, niliyemtengenezea baiskeli. Hakuna aliyenipiga. Tukatoka, tukatembea. Bariyeri ilikuwa na wale tunaowajua. Walitaka tu kujua matokeo.

Mlangoni kwake akavua kofia. Akaikunja polepole kuliko siku nyingine, akanipa kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito. Nikaifungua, ndani nikakuta bahasha, ile bahasha ya ushindi aliyotoka kupewa na tajiri, haijafunguliwa.

Sijui nilisema nini kwanza. Mama yake alitoka nje kwa kelele zangu.

"Unanilipa?" nilikuwa nampigia kelele. "We! Tangu lini mi ni dereva yako? Nimekataa pesa ya yule mutu amekaa kwa kiti ya baba yangu, leo niikamate kwa mukono yako?"

"Si malipo," akasema. "Umekosa jezi juu yangu. Mutaa wote umekukataa. Mi nimepata kila kitu leo, we hauna kitu. Nitalalaje?"

"Lala tu! Nunulia watoto unga!"

Nikaisukuma bahasha kifuani kwake. Ikaanguka, na mmoja wa watoto wa jikoni akaiokota akampa mama yake kipa. Yeye akabaki ameinamisha kichwa, mtu mrefu vile, mabega yanamtikisika.

"Basi nikupe nini?" akauliza. "Niambie, ndugu yangu. Nikupe nini?"

Nilifikiri kweli. Hasira ilikuwa imekwisha, nimechoka, na jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kongo, nina mlima mzima wa kushuka.

"Uamke mapema," nikamwambia. "Jumatatu una mazoezi. Ukinisimamisha tena hapa uani, nakuacha, walahi nakuacha, na mara hii nimeapa."

Akaniapia kwa Bikira Maria, mkono kifuani.

Jumatatu nikafika kwa wakati. Mshenzi yule alikuwa bado anaoga.